Shaaban Robert na riziki ya kalamu

Kuna swali ambalo halikosekani katika nyumba nyingi za mijini siku hizi. Kijana ana kipaji. Anatunga mashairi, au anachora, au anaandika khati za Kiarabu zikapendeza ukutani, au anasoma kaswida watu wakanyamaza kumsikiliza. Siku akiwaambia watu kwamba anataka kuishi kwa kipaji hicho, hupewa jibu moja kati ya mawili. Wazee wake humwambia aache mchezo atafute kazi. Rafiki zake humwambia aache kazi ajitose katika sanaa, kwani riziki itajileta yenyewe.

Majibu yote mawili yamewaharibu watu. Aliyelifuata la kwanza amezeeka na kipaji chake hakikumfaa yeye wala jirani yake. Aliyelifuata la pili amegeuka kuwa mtu wa kupiga hodi kwa wafadhili. Leo anatunga kumsifu fulani, kesho anamkashifu huyo huyo kwa sababu hakupewa kitu. Je, hakuna njia ya tatu?

Ipo, na aliyeipita ni mtu wa pwani yetu, Muislamu, ambaye jina lake halimpiti mtoto yeyote aliyesoma Kiswahili darasani. Naye ni marehemu Sheikh Shaaban Robert. Jijini Dar es Salaam kuna barabara yenye jina lake, na shule ya sekondari pia. Wengi wanamkumbuka kwa vitabu walivyofanyia mtihani. Lakini ni wachache waliowahi kujiuliza jambo dogo: mtu huyu aliyeandika vitabu zaidi ya ishirini, alikuwa anakula nini?

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari, 1909, katika kijiji cha Vibambani, Machui, kusini ya mji wa Tanga, nchi ikiwa bado mikononi mwa Wajerumani. Jina la Robert ni la baba yake, nalo limewapoteza watu wengi wakadhani kwamba mshairi huyu alikuwa Mkristo. Alikuwa Muislamu, na mwenye kusoma tenzi zake hana haja ya kuhadithiwa hilo. Alipofikia umri wa kusoma, Wajerumani walikwisha kushindwa vita na Waingereza ndio waliokuwa wakitawala. Kati ya mwaka 1922 na 1926 alisoma Dar es Salaam. Hiyo ndiyo elimu ya shule aliyoipata. Hakufika chuo kikuu chochote, na katika Tanganyika ya wakati ule chuo kikuu hakikuwapo.

Mwaka huo huo wa 1926, akiwa kijana wa miaka 17, aliingia serikalini kuwa karani katika Idara ya Forodha. Pangani ni moja ya bandari alizozitumikia. Kazi yenyewe inafahamika: kukagua shehena, kuandika hesabu, kukadiria ushuru na kujaza vitabu vya serikali kwa mwandiko safi usio na makosa. Katika kazi hiyo alikaa miaka 18. Mwaka 1944 alihamishiwa Idara ya Wanyamapori, akakaa huko hadi 1946. Kisha akarudi kwao Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya hadi 1952, na baada ya hapo katika ofisi ya upimaji ardhi hapo hapo Tanga, hadi alipostaafu uhuru ukiwa mlangoni.

Tuihesabu miaka hiyo vizuri. Ni zaidi ya miaka 30 ya utumishi. Mtu tunayemwita mshairi mkubwa kupita wote wa Kiswahili cha karne iliyopita hakuwahi, katika ujana wake wala katika utu uzima wake, kuamka asubuhi akawa hana pa kwenda isipokuwa kwenye shairi. Aliamka akaenda ofisini. Vitabu vyote vile viliandikwa katika saa zilizobaki baada ya mwajiri kuchukua zake.

Hapa kuna watakaosema kwamba alilazimika, hakuchagua. Ni kweli kwamba hakuwa na chaguo pana. Lakini tuitazame hali ya biashara ya vitabu ilivyokuwa ndipo tuelewe kwa nini mtu mwenye akili asingeweza kuitegemea.

Ushairi wa Kiswahili ulikuwa na karne kadhaa tayari, tangu Pate, Lamu na Mombasa, lakini ulikuwa ukiandikwa kwa herufi za Kiarabu na kusambazwa kwa kunakiliwa kwa mkono au kukaririwa. Mshairi wa zamani hakuuza kitabu. Alipata heshima, pengine alipata zawadi ya mtu mkubwa, basi. Kitabu cha Kiswahili cha herufi za Kilatini, chenye bei na kinachouzwa dukani, kilikuwa kitu kipya. Waliojua kusoma walikuwa wachache, na wenye fedha ya kununua kitabu miongoni mwao walikuwa wachache zaidi. Hadithi nyingi zilizokuwa zikichapwa zilikuwa tafsiri za vitabu vya Wazungu. Kwa mtunzi Mwafrika uwanja uliokuwa wazi zaidi ni magazeti na majarida, hasa Mambo Leo, jarida la serikali lililoanzishwa mwaka 1923, ambalo lilitoa nafasi kwa mashairi ya wasomaji. Mashairi ya Shaaban Robert yalipita humo. Jarida namna hiyo lilimpa mtunzi jina, lakini jina halinunui unga.

Isitoshe, kitabu kilikuwa na milango mingi ya kupita kabla ya kumfikia msomaji. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, ambayo kazi yake ilikuwa ni kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa lahaja ya Unguja na kuidhinisha vitabu vitakavyotumika shuleni. Mswada ambao haukupata idhini hiyo ulikosa soko lenyewe, kwa sababu shule ndiyo iliyokuwa soko. Baada ya idhini alitakiwa apatikane mchapishaji, na wachapishaji hawakuwa Tanga. Walikuwa London na Johannesburg. Mtunzi alifunga bahasha, akaipeleka posta, bahasha ikapanda meli, kisha akasubiri. Majibu yalipokuja huenda yalikuwa ya kukataliwa, au ya kutakiwa arekebishe, na bahasha ikaanza safari upya.

Mtu aliyeiweka riziki ya watoto wake katika bahasha ile angewalaza na njaa. Shaaban Robert hakufanya hivyo. Tumbo la familia lilitegemea mshahara wa mwisho wa mwezi, na bahasha akaiacha iende kwa mwendo wake. Kwa hiyo lilipokuja jibu baya halikumvunja, na lilipochelewa halikumlazimisha kuandika kitu kingine cha haraka cha kumpendeza mtu.

Mwaka 1936 alikuwa na miaka kumi kazini na hakuwa na kitabu. Mwaka 1946 alikuwa na miaka ishirini kazini. Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1940 mavuno yalipoanza kuonekana. Pambo la Lugha lilitoka Johannesburg katika mfululizo wa vitabu vya lugha za Kiafrika wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mwaka 1949 vilitoka Maisha Yangu na Mwafrika Aimba. Mwaka 1951 ikatoka Kusadikika. Mwaka 1952 vikatoka Adili na Nduguze, Marudi Mema na tafsiri yake ya Omar Khayyam, aliyoipitia kutoka Kiingereza. Mwaka 1954 kikatoka Kielezo cha Insha. Mtu aliyekuwa akitazama kwa nje angedhani kwamba karani huyu amezuka ghafla akiwa na umri wa miaka 40. Hakuzuka. Alikuwa akiweka akiba ya miswada kwa miaka ishirini, kama mkulima anayejaza ghala wakati hakuna anayemtazama.

Hapana shaka kwamba mshahara ulikuwa na bei yake. Kwanza, ulikuwa mdogo. Utumishi wa serikali ya kikoloni uligawanywa kwa rangi, Mzungu na ngazi yake, Muhindi na yake, na Mwafrika chini kabisa. Karani Mwafrika angeweza kufanya kazi kwa uaminifu miaka 30 asifike pale alipoanzia kijana wa Kizungu. Pili, mtumishi wa serikali ni mtu wa kuhamishwa. Anapojenga makazi huku, amri inakuja aende kule, na vitabu vyake na miswada yake ihame naye.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, mtumishi wa serikali hasemi kila alionalo. Katika miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilikuwa ikiwazuia watumishi wake wasijiingize katika siasa. Sasa tuitazame Kusadikika kwa jicho hilo. Ni hadithi ya nchi iliyo angani, nchi ya kufikirika tu. Humo kijana Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria. Karama anajitetea mbele ya baraza la mfalme kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande za dunia, mbinguni na ardhini. Wajumbe hao walirudi na habari za manufaa, na badala ya shukrani wakapewa adhabu. Wahakiki wengi wanakisoma kitabu hiki kuwa ni habari ya utawala wa kikoloni na watu wanaonyimwa sauti. Aliyekiandika alikuwa karani wa serikali hiyo hiyo. Alikwenda kazini kwake kila siku, akalipwa mshahara wake, na kitabu kikauzwa madukani. Ajira ilimfunga mdomo upande mmoja, naye akatafuta upande mwingine wa kusemea. Nchi ya angani haina Gavana wa kulalamika.

Wapo wanaomlaumu kwamba kwa njia hiyo alikwepa. Na wawe na maoni yao. Mimi naona kwamba msanii mwenye watoto wanaomtegemea ana haki ya kuchagua namna ya kusema kweli, maadamu anaisema.

Na watoto alikuwa nao. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki dunia akamwachia malezi. Katika Maisha Yangu anaeleza habari za ndoa hiyo na msiba huo. Humo humo zimo tenzi mbili alizowatungia watoto wake, Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake Mwanjaa, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya kijana wake Hussein. Ni wosia wa mzazi juu ya tabia, ibada, kazi na kuishi na watu. Tenzi hizi ni miongoni mwa tungo zake zinazopendwa mno hadi leo, nazo hazikutungwa kwa kuagizwa na mtu wala kwa kutafuta tuzo. Zilitungwa kwa sababu watoto walikuwapo na mama yao hayupo. Tunaambiwa mara nyingi kwamba familia ni kikwazo cha msanii. Kwa mtu huyu familia ilikuwa mzigo na ilikuwa chemchemi kwa wakati mmoja.

Alikuwa pia na ndugu. Kwa miaka mingi aliandikiana barua na mdogo wake, Yusuf Ulenge. Barua hizo zimehifadhiwa, na mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilizitoa kuwa kitabu kilichohaririwa na Profesa Mulokozi, zikianzia mwaka 1931 hadi 1958. Kwa muda wa miaka 27 kulikuwa na mtu mmoja, wa damu yake, ambaye angeweza kumweleza mambo ya nyumbani na mambo ya kalamu akaeleweka. Msanii asiye na mtu wa namna hiyo huchoka mapema.

Baada ya kurudi Tanga mwaka 1946 nafasi yake katika jamii ilipanuka. Aliingia katika Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yaani ile ile iliyokuwa na ufunguo wa mlango wa vitabu. Aliitumikia pia Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki na Bodi ya Lugha ya Tanganyika. Alipewa tuzo ya fasihi ya kumbukumbu ya Margaret Wrong na nishani ya MBE ya Waingereza. Mambo hayo hayakumfanya tajiri, lakini yalimfundisha biashara ya vitabu inavyokwenda: nani anaamua, nani anachapa, nani anasambaza, na fedha inapotea wapi njiani.

Mwaka 1958 Kamati ya Kiswahili ilichapisha, pamoja na jarida lake, kazi yake moja ambayo kwa mada yetu ni ya kuzingatiwa sana, nayo ni Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alikuwa mwanamke wa Fumba, Unguja, kutoka katika jamaa ya wafinyanzi, ambaye alianza maisha kwa kuuza vyungu mjini. Baadaye akawa mwimbaji wa taarabu ambaye sauti yake ilitiwa katika santuri Bombay mwaka 1928, na santuri hizo zikauzwa mwambao mzima. Alifariki mwaka 1950. Waislamu wana maoni mbalimbali juu ya muziki na makala haya hayataki kuingia katika mjadala huo. La kutazama ni kwamba Shaaban Robert, katika watu wote ambao angeweza kuwaandikia wasifu, hakuchagua liwali wala tajiri. Alimchagua msanii, mwanamke, maskini kwa asili yake, aliyejitafutia riziki kwa kipaji alichopewa na Mola wake. Siti aliviacha vyungu akaishi kwa sauti. Shaaban hakuiacha ofisi. Njia zao zilikuwa mbili, lakini wote wawili waliichukulia kazi yao kuwa ni kazi. Walijifunza, wakafika kwa wakati, wakalisafisha jina lao kila siku. Hakuna kati yao aliyengoja kushikwa na hisia ndipo afanye kazi.

Kisha ikaja hatua ambayo kwa maoni yangu ndiyo ya kijasiri kuliko zote. Alipokaribia kustaafu, Shaaban Robert hakutosheka na kuwa mtu wa kupeleka miswada kwa wengine. Vitabu vyake vya miaka ile ya mwisho, kama Insha na Mashairi na Masomo yenye Adili vya mwaka 1959, vilitoka Tanga kwa jina la Art and Literature, shirika lake mwenyewe la uchapishaji. Mtu aliyewahi kungoja majibu kutoka Johannesburg sasa alikuwa na jina lake la biashara katika mji wake. Hakuanza na hilo akiwa kijana wa miaka ishirini, asiye na jina, asiye na mtaji na asiyejua soko. Alianza nalo akiwa na jina linalojulikana Afrika Mashariki nzima, akiwa na miswada mkononi na uzoefu wa kamati zote zile. Vijana wengi leo huanza na kampuni ndipo watafute cha kuuza. Yeye alikuwa na cha kuuza ndipo akaanzisha kampuni.

Lakini Mwenyezi Mungu hakumpa muda mrefu wa kuvuna. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961. Mwezi Juni 1962 Shaaban Robert akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 53. Miaka aliyoishi akiwa huru kutoka katika kazi ya ofisi ilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Na hapa ndipo penye jambo la kutuuma. Vitabu vyake vingi vilivyo mashuhuri vilitoka baada ya yeye kuingia kaburini. Kufikirika, alichokiandika katika miaka ya 1940, kilichapishwa mwaka 1967. Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo 3,000 juu ya Vita Kuu ya Pili, nao ulitoka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka 1968. Nelson wakatoa mfululizo mzima kwa jina la Diwani ya Shaaban. Kiswahili kikawa lugha ya taifa, shule zikaongezeka, Kusadikika ikaingia katika mitaala, Tanzania na Kenya, na wanafunzi wakainunua kizazi baada ya kizazi. Katika miaka ya 1990 Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam wakavitoa tena baadhi ya vitabu vyake. Soko ambalo halikuwapo mwaka 1936 sasa lilikuwapo. Mwenyewe hakuwapo.

Hivi ndivyo kazi ya sanaa ilivyo. Fundi seremala akitengeneza kitanda hulipwa mara moja na jambo limekwisha. Kitabu kinaweza kukaa miaka ishirini bila kuingiza senti, kisha kikaingiza kwa miaka arobaini. Ndiyo maana mwandishi huwa na njia mbili za kulipwa. Anaweza kuuza mswada wake moja kwa moja kwa fedha taslimu, na baada ya hapo hana chake. Au anaweza kubaki na haki yake na kulipwa mrabaha, yaani sehemu ya bei ya kila nakala inayouzwa, kwa muda wote kitabu kinapouzwa. Mwenye njaa huchagua fedha taslimu, kwa sababu njaa haingoji. Mwenye mshahara anaweza kungoja. Hiyo ni faida nyingine ya ajira ambayo vijana hawaioni: inamfanya msanii asiiuze kesho yake kwa chakula cha leo.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi kwa muda wa uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, haki za kazi za Shaaban Robert zilifikia ukomo mwishoni mwa mwaka 2012. Kwa miaka 50 kila nakala ya Kusadikika ilikuwa na haki ya mtu ndani yake. Makala haya hayamtuhumu mchapishaji yeyote. Swali linatuhusu sisi wasomaji. Katika miaka hiyo, ni nakala ngapi zilitolewa kopi madukani kwa bei ya karatasi na wino tu, na tukaona tumefanya jambo la akili?

Waislamu tuna sababu ya ziada ya kulitazama hili. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, iliamua kwamba haki za utunzi na ubunifu ni haki zinazolindwa na sheria ya Kiislamu, ni mali yenye thamani, na haifai kuzifanyia uadui. Ikiwa ni mali, basi ni mali ya mirathi pia. Mswada ulioachwa ndani ya sanduku, kaswida iliyorekodiwa, mchoro ulio ukutani kwa mtu, vyote vina warithi. Lakini ni mara ngapi kadhi au wazee wa ukoo wamekaa kugawa mirathi ya mtunzi wakauliza habari ya mikataba yake ya vitabu? Nyumba itagawiwa, baiskeli itagawiwa, na sanduku la karatasi litaachwa liliwe na mchwa au lichukuliwe na wa kwanza kupita.

Na hali yetu ya leo ndiyo hiyo hiyo kwa sura nyingine. Kitabu kipya kikitoka, siku ya tatu kipo katika makundi ya simu, kinagawiwa bure na anayekigawa anaombewa dua. Kijana wa khati anaitwa aandike aya juu ya mihrabu, akiuliza ujira anaambiwa thawabu zipo kwa Allah. Fundi aliyejenga mihrabu hiyo amelipwa, muuza saruji amelipwa, fundi umeme amelipwa. Ni msanii peke yake anayeambiwa angoje akhera. Mwenye kujitolea ajitolee na Allah atamlipa, lakini asijitolewe na wengine. Mtume (s.a.w.) ametufundisha tumlipe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na hatukuambiwa kwamba jasho la mwenye kalamu si jasho.

Kwa hiyo kijana mwenye kipaji asome maisha ya karani huyu wa Tanga. Asiione kazi ya mshahara kuwa ni kushindwa. Aione kuwa ndiyo inayompa uhuru wa kumwambia mfadhili hapana. Aweke saa zake za sanaa na azilinde kila wiki kama anavyolinda saa za kazi, kwani mwajiri hatampa na nyumba haitampa. Asiharakie kuchapisha bali ajaze ghala. Aujue mkataba kabla ya kutia sahihi, na aandike mahali miswada yake ilipo na nani arithi nini. Na atakapokuwa na jina na soko, ndipo aanzishe chake, asingoje hadi awe na miaka 50.

Wazazi nao wasimwambie mtoto achague kati ya kalamu na ugali. Mtu mmoja alivibeba vyote viwili kwa zaidi ya miaka 30, tena katika zama ngumu kuliko zetu. Ilimgharimu, ndiyo. Umri wa miaka 53 si mkubwa, na hatujui ni vitabu gani vingine tungepata lau jamii yake ingeweza kumnunulia hata miaka kumi ya utulivu. Jamii ya wakati ule ilikuwa maskini na haikutawaliwa na wenyewe, ina udhuru. Sisi tunaonunua bando kila siku na kuona bei ya kitabu ni kubwa, tutatoa udhuru gani?

Allah amrehemu Sheikh Shaaban Robert, amsamehe makosa yake, na awajaalie kheri kizazi chake. Amin.